Beseni la Maji na Jini la Kisimani

Nilipokuwa mtoto, katika nyumba yetu ya Khuwair ya Kusini, huku Uarabuni, niliambiwa kwamba nina jicho, lile linalodhuru kinachosifiwa. Sikuambiwa na adui. Aliyenitaja ni Mamdogo Zuwena, mdogo wake mama yangu, mtu niliyempenda kuliko wote waliolala chini ya dari ile. Hadi leo nikiingia kwenye nyumba yenye mtoto mchanga huangalia zulia kwanza.

Mamdogo alikuwa hajaolewa bado. Alifanya kazi ofisini, na akirudi Alasiri alilitupa buibui lake juu ya kochi, akakaa chini na mimi, tukawasha televisheni. Miezi ile kulikuwa na tamthilia ya Kikorea iliyotiwa sauti za Kiarabu. Ilikuwa hadithi ya jini la kisimani lililovaa sura ya kijana mzuri likaingia kwenye jumba la mfalme. Lingeweza kuishi na watu muda wote lilioutaka, ila asije mtu akaliona linalia, maana machozi yake yalikuwa ya rangi ya fedha. Mjakazi mmoja wa jikoni akaliona. Akanyamaza. Watoto wa mfalme walipoanza kuugua na watu wakatafuta mchawi, kidole kikamwangukia mjakazi yule, naye hakusema alichokijua.

Mimi niliangalia mapanga na nguo za hariri. Mamdogo aliangalia mafunzo. Kila sehemu ikimalizika alipunguza sauti na kunigeukia kama mwalimu.

"Unamwona huyo mjakazi, Asila? Mtu akikuwekea siri namna hiyo, mshike usimwachie. Fahamti, habibti?"

"Nimefahamu, Mamdogo."

Bibi, mama yake Mama na Mamdogo, hakuipenda tamthilia ile hata chembe. Alizaliwa na kulelewa Unguja, na kwake majini hayakuwa hadithi, yalikuwa majirani wasiolipa kodi. Akipita na tasbihi yake alisimama mlangoni na kututia maneno.

"Mwakaa kuyatizama majini, na milango i wazi! Hebu someni Qul-audhu, msijeniletea mambo hapa."

Mamdogo alikuwa amechumbiwa na kijana wa Qurayyat, na harusi ilikuwa imekaribia. Mimi nilikwisha ahidiwa cheo changu. Siku ya hina, bibi harusi akikaa na nguo zake za kijani na shela limemfunika uso, ni mimi nitakayeingia mbele yake na sinia la hina lenye mishumaa. Fundi alinishonea nguo ya kijani yenye uzi wa dhahabu kifuani. Nilikuwa nikifungua kabati kila nikipata nafasi, niiangalie tu.

Lakini Mamdogo alikuwa na lake moyoni. Yeye ni maji ya kunde, na yule mwanamke wa kwenye tamthilia alikuwa na uso kama yai lililomenywa. Siku moja akanichukua kwenye gari tukaenda kwenye duka dogo la vipodozi, huko huko Khuwair, lililobandika picha za wanawake wa Kikorea kioo kizima. Muuzaji alitoa kopo jeupe la krimu ya uso chini ya meza. Halikuwa na maandishi yoyote. Tulipokaa garini Mamdogo alilificha kwenye mkoba, akanishika mkono.

"Hii siri yetu. Bibi yako akijua ntaaibika. Usimwambie hata mamako."

"Wallahi siambii mtu."

Nilijiona mkubwa siku ile. Nilijiona nimeingia jumba la mfalme.

Mwanzo lile kopo lilifanya kazi yake. Uso wa Mamdogo ukaanza kung'ara, na jioni moja tukinywa chai, mimi na kipande cha mkate wa mofa mdomoni, nikasema mbele ya wote, "Mamdogo, uso wako umekuwa kama wa yule wa Korea!"

Bibi akaweka kikombe chini. "Sema mashaallah, weye mtoto!"

Nikasema. Lakini nilisema nimeshachelewa, tena na mkate mdomoni.

Siku chache baadaye Mamdogo aliamka mashavu yamefura, mekundu, ngozi inabanduka kandokando ya pua. Alikuwa ameshaanza kuwekwa ndani kama bibi harusi, anasingwa kwa manukato ya kusugulia ngozi kila siku, na Bibi akasema singo haijapata kumdhuru mtu tangu dunia kuumbwa. Mama alitaka apelekwe kwa daktari. Bibi hakukataa, ila alisema daktari atangoja, kwanza yeye ajue nani kamtia jicho.

Sijui kama siku hizi watu bado wanafanya, lakini nyumbani kwetu jicho lilitafutwa kwa shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi humpaka mtu akikatwa na wembe. Bibi alilizungusha juu ya kichwa cha Mamdogo huku anasoma, kisha akalitia kwenye makaa ya chetezo. Shabu ikiungua hufura na kufanya maumbo, na mwenye kujua huyasoma. Tulikaa sebuleni, mimi, Mama, Bibi na Mamdogo, aliyejifunika kanga nusu ya uso. Jiwe likatokota, likapanda, likaganda. Bibi akaligeuza kwa koleo.

"Huyu mdogo," alisema. "Mtizameni. Ana kichwa, na hivi huku na huku nywele."

Mimi nilikuwa nimesukwa mikia miwili.

"Mama," mama yangu akasema, "shabu kila siku hufura hivyo hivyo."

Bibi hakumjibu. Alimgeukia Mamdogo, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Zuwena, mwanangu, nani kakusifu asiseme mashaallah?"

Nilimwangalia Mamdogo. Sikuogopa. Naapa sikuogopa hata kidogo, maana nilijua sasa atasema. Atasema, mama nisamehe, nilipaka kitu. Bibi atafoka, Mama atacheka, na mambo yatakwisha. Kopo lenyewe lilikuwa chini ya godoro lake, nililiona asubuhi ile nilipompelekea maji.

Mamdogo alinitazama muda mrefu kwa lile jicho lake moja lililokuwa nje ya kanga.

"Asila," alisema. "Asila ndo kasema uso wangu kama wa Mkorea."

Hakusema uongo. Ndilo lililoniuma, na linaniuma hadi sasa: kila neno lilikuwa kweli. Mimi ningeweza kusema la kopo palepale. Nilikuwa na ulimi. Lakini nilikuwa nimeapa, na nilikuwa nimefundishwa Alasiri nyingi, na mwalimu wangu alikuwa huyo huyo, kwamba anayekupenda hukuwekea siri hata ikimgharimu. Nikanyamaza kama mjakazi.

Bibi hakunigombeza. Alileta beseni, akanishika bega. "Nawa, mjukuu wangu. Uso, mdomo, mikono. Hujakusudia, mwanangu, jicho halina kusudio." Nikanawa, maji yakirudi kwenye beseni. Kisha akamwinamisha Mamdogo, akammwagia maji yale kichwani kutoka nyuma. Mamdogo alishtuka kwa baridi, akatoa sauti ndogo. Maji yangu yalimchuruzika hadi kwenye zulia.

Na uso ukapona. Haukuwa na budi kupona, kwa sababu kesho yake nililiona kopo kwenye pipa la taka, limezongwa gazeti. Lakini Bibi hakuliona kopo. Bibi aliona mashavu yanashuka siku hadi siku, akampigia simu dada yake, na dada yake akawapigia wengine.

Wiki ile tamthilia ilifika sehemu ya mwisho. Mamdogo aliniita mwenyewe chumbani kwake tukaiangalie. Nilikaa pembeni ya kitanda, si karibu naye kama zamani. Mjakazi alikuwa amefungwa kamba uwanjani, watu wamebeba mienge, mfalme ameketi. Ndipo jini likatoka katikati ya watu, likasimama mbele ya mfalme na kulia makusudi, machozi ya fedha yakiangukia mawe, kila mtu anaona. Likajimaliza lenyewe ili yule msichana afunguliwe.

Mamdogo alilia kweli kweli. Alilia na uso wake mpya, uliopona, na ukingo wa kanga mdomoni. "Masikini mjakazi wa watu," alisema. "Angalau jini lenyewe lina imani."

Nilimngoja. Nilifikiri mtu hawezi kusema maneno yale halafu asiyasikie.

Akapenga kamasi. "Hebu nenda jikoni, katizame chai ishachemka?"

Hata hapo sikukata tamaa. Mtoto ni mjinga wa ajabu. Nilijipa moyo kwamba atasema siku ya hina, mbele ya wanawake wote, kama jini lilivyosema mbele ya mfalme. Siku ya hina ilipofika, Bibi aliniambia kwa upole ule ule kwamba ni bora nikae chumbani juu, watu wameshasikia, wasije wakaingiwa na hofu. Mtoto wa binamu yake Mama alibeba sinia. Mama alikaa nami kidogo, amekasirika, akasema, "Ni siku moja tu, mwanangu, itapita," kisha akaitwa akashuka. Nilisikia ngoma na vigelegele, na moshi wa udi ukipanda ngazi na kupenya chini ya mlango. Nguo yangu ya kijani ilikuwa imetundikwa mbele yangu. Niliivaa peke yangu, nikaivua.

Siku moja haikupita. Harusi zilizofuata, sinia lilibebwa na wengine. Mashangazi waliwageuza watoto wao wachanga begani nilipoingia, huku wananichekea. Nami, kwa kuwa niliuona uso ukipona kwa macho yangu, zilikuwepo nyakati nilizojiuliza kama kopo lilikuwa kopo tu, na jicho langu lilikuwa jicho. Nililijua duka, niliujua mkono uliolificha lile kopo, na bado nilijiuliza. Hivyo ndivyo jambo linavyomwingia mtoto.

Nimekua, nimeolewa, nina binti yangu, Maryam. Bibi ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na yeye sina kinyongo naye, alifanya alichokiamini. Mwaka huu Mamdogo alikuja kwangu mchana, peke yake, na chupa tupu ya maji mkononi. Sikuelewa, nikamkaribisha, nikampa kahawa na tende. Hakugusa.

"Asila, usinfahamu vibaya, mwanangu." Alikuwa anaizungusha ile chupa. "Yule mwanangu mdogo, wa mwisho, halali, hatulii, hanyonyi. Tangu ulipomtizama siku ile kwa mamako. Nipe maji yako tu, niende."

Nilidhani anatania. Kisha nikamwona macho yake.

"Mamdogo," nikasema, "na lile kopo jeupe je?"

"Kopo gani?"

"La usoni. Tulilinunua pamoja, mimi na wewe, kabla ya harusi yako."

Alinitazama, akakunja uso kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba. Alitafuta kweli. "Mie sijapatapo kupaka kitu usoni zaidi ya singo," alisema. "Unanchanganya na mtu mwengine."

Miaka yote nilimfikiria kama mtu anayejua na kuficha. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia siku akikiri, mengine makali, mengine ya kusamehe. Sasa aliyesimama mbele yangu hakuwa mwongo hata kidogo. Alikuwa mwanamke anayemhofia mpwa wake kwa dhati, kwa jambo alilolianzisha mwenyewe na kulisahau.

Nilichoka ghafla. Nikaenda jikoni, nikaweka bakuli kwenye sinki, nikanawa uso, mdomo, mikono, nikamimina kwenye chupa yake, nikamrudishia hapo hapo jikoni aliponifuata. Nilitaka aondoke tu. Maryam akaja mbio kutoka chumbani, akamwamkia, akamkodolea macho masikioni. "Bibi Zuwena, vipuli vyako vizuri!"

Mkono wa Mamdogo ukaruka kwenye sikio. Akamwangalia mwanangu, kisha akaniangalia mimi, na nikaujua mtazamo ule kabla hajafungua mdomo.

"Na huyu nae anawe," alisema.

Niliichukua chupa mkononi mwake nikaimwaga kwenye sinki. Alipiga kelele, "Asila! Mtoto mgonjwa!" Nikamwambia mtoto nitampeleka mimi mwenyewe kwa daktari, sasa hivi, gari lipo, ila maji hayatoki tena nyumbani kwangu, yangu wala ya mwanangu. Alinipokonya chupa yake. Lakini aliingia garini.

Mtoto alikuwa anaota meno. Alipona. Mamdogo huwaambia watu kwamba yalibaki matone chupani, akampaka nayo kipajini usiku ule, na asubuhi akanyonya.

Maryam siku hizi ndiye anayeangalia tamthilia za Kikorea, kwenye simu, na wakati mwingine huniita nikae naye. Nakaa. Simtolei mafunzo. Akikipenda kitu mwache akisifu kwa sauti yote, na mashaallah namfundisha aseme kwa kumshukuru aliyekiumba, si kwa kujiogopa. Jini la kisimani lilitoka mbele ya watu kwa sababu lilikumbuka nani alilinyamazia. Mamdogo hakumbuki, kwa hiyo hatanijia kuniomba radhi, na mimi nimeacha kumngoja. Ile nguo ya kijani bado ipo kwenye kabati la mama yangu. Niliijaribu juu ya Maryam wiki iliyopita, nikakuta imeshamwia ndogo.