Mwaka Raphaël Aliporudisha Jina la Kaka Yake

Nitasema wazi tangu mwanzo: mume wangu Raphaël alikuwa na kichwa kigumu, nami nilimpenda pamoja na kichwa chake hicho. Watu wa Baraka walimwita Musoda, yaani askari, kwa kuwa alipigana Abisinia, akarudi na medali moja na viatu viwili ambavyo hakukubali nivitupe. Alikuwa mpole, mvuvi mzuri, hajui kugombana. Kugombana aliniachia mimi, na mimi kazi hiyo niliifanya vizuri.

Kilichonitoa jasho ni karatasi zake. Kwenye karatasi zote za jeshi hakuandikwa Raphaël. Aliandikwa Isidore, na Isidore alikuwa kaka yake, baba mmoja mama mmoja, aliyekufa Lulimba mwaka 1943.

Ilikuwaje? Mwaka 1940 shefu aliagizwa kutoa vijana waende jeshini, na kapita wa kwetu, msimamizi wa kijiji chini ya shefu, mzee Ramazani, akaja kuita majina. Akaita Isidore. Isidore alikuwa na kifua kibovu, anakohoa tangu asubuhi mpaka jua kuzama, na mke wake Marthe alikuwa na mimba ya miezi saba. Raphaël alikuwa na miaka kumi na tisa, hajaoa. Akanyanyuka akasema, "Mi hapa." Basi, akaandikwa, akaenda.

Kwao huo haukuwa uongo. Mtu ameombwa katika nyumba, nyumba imetoa mtu. Nani angejua kwamba Bula Matari, ndivyo tulivyoiita serikali ya Wabelgiji, hatafuti mtu, anatafuta jina? Isidore wa karatasi akiwa vitani, Isidore mwenyewe hakuweza tena kutembea Baraka mchana kweupe. Akahamia Lulimba na Marthe wake kuchimba dhahabu, akijiita Raphaël. Kifua kikamuua huko, akaandikwa kwa jina hilo hilo. Kwa hiyo katika buku la bureau ya Fizi, ofisi ya serikali, mume wangu, aliyenizalisha watoto wanne, alikuwa marehemu. Miaka tisa nililala na marehemu, na ninawaambia, alikuwa anakoroma.

Tungeweza kucheka hivyo mpaka uzeeni, kama si Marthe. Shemeji yangu alikaa ujane miaka kumi, analima muhogo, anamlea binti yake Suzanne, hana neno na mtu. Halafu akapatikana Eugène, seremala wa misioni, mwanamume mtaratibu asiye na maneno mengi, akampenda Marthe na Marthe akampenda. Loo, kumuona mama wa miaka thelathini na sita akijipaka mafuta miguuni kwenda kununua ndakala, vidagaa vya ziwani! Nilimtania mpaka akanirushia kikapu.

Wakaenda kwa padri. Padri akawasikiliza, akawaambia kwa huruma kwamba yeye anawaamini, lakini bila karatasi ya serikali hawezi. Karatasi ikaombwa Fizi. Ikaja na kusema kwamba Isidore, mume wa Marthe, yuko hai, ni askari mstaafu mwenye medali, anakaa Baraka. Marthe ana mume! Eugène akangoja mwaka, akangoja wa pili. Mwaka 1955, baada ya Pasaka, akasema amepata kazi Albertville, mji wa mbali kandokando ya ziwa, na ataondoka mwisho wa kiangazi, maana kumuona Marthe kila siku na kurudi nyumbani peke yake kumemshinda.

Siku hiyo nilimtolea mume wangu macho. "Raphaël, utaenda Fizi lini?"

"Nitaenda."

"Hiyo nitaenda yako naijua. Marthe anazeeka!"

"Bakinifunga mu gereza?"

"Bakufunge, nitakuletea bugali. Andaa viatu vyako."

Barua niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko nilioufundishwa na masista, kumuomba Bwana Administrateri, mkuu wa serikali Fizi, abadilishe jina kwenye karatasi za jeshi. Niliandika mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza nilitukana. Kisha nikaenda kwa mzee Ramazani, ambaye bado alikuwa kapita, nikamuomba awe shahidi. Mzee akazungusha tasbihi yake.

"Mi nitaenda na ninyi," akasema. "Mambo ya kusema, nitayasema kulekule."

Jibu gani hilo? Nilirudi nyumbani roho juu.

Tukapanda milima siku mbili, watatu sisi, mzee mbele na fimbo yake. Karibu na Fizi, Raphaël akasimama njiani, akakaa juu ya jiwe. Nikadhani ni viatu.

"Godelieve," akasema, "miaka mitano kila asubuhi balikuwa baniita Isidore na mi naitika. Kule Abisinia tulikuwa tunalala mu baridi, nilikuwa najiambia, kaka iko na mi hapa, tunatembea wote. Nilirudi, bakaniambia alikufa. Lakini mu karatasi iko muzima. Leo nikitoa hili jina, mi ndiye namuua."

Niliona aibu. Miaka yote nilifikiri anaogopa gereza, kumbe alikuwa amemficha kaka yake mahali pekee alipobaki hai. Nikakaa naye juu ya lile jiwe, nikamshika mkono hadharani, mbele ya mzee Ramazani, ambaye aligeuka akaangalia migomba ya watu.

"Na Marthe?" nikamuuliza, safari hii kwa upole.

Akafuta uso, akasimama. "Ndiyo sababu naenda," akasema.

Kwenye bureau, karani Albert aliipokea barua, akaisoma, akamtazama Raphaël kama aliyeona mzuka, akaingia ndani. Tukaitwa. Administrateri alikuwa Mzungu wa makamo, Kiswahili anakijua.

"Basi we ulidanganya jeshi miaka mitano?"

"Ndiyo, Bwana."

"Sababu gani?"

"Kaka alikuwa anakohoa, Bwana."

Mzungu akafungua kitabu cha jeshi. Akaagiza wino, akamkandamiza Raphaël kidole gumba kwenye karatasi, akalinganisha na kile cha kitabu cha jeshi. Vikafanana. "Hii inaonyesha kwamba askari ni we," akasema. "Haionyeshi we iko nani. Nani anajua kama si Isidore anataka kukimbia bibi yake?"

Hapo nusura niharibu mambo, ulimi ulishafika menoni. Mzee Ramazani akanitangulia.

"Bwana, mi ndiye niliita majina ile siku. Batoto ba Baraka bote nabajua, tangu bako mu mugongo ya bamama yabo. Niliita Isidore, akasimama huyu, Raphaël. Niliona kwa macho yangu. Nikamwandikisha."

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Niliangalia ile mwanamke na tumbo yake, Bwana, nikanyamaza."

Akavua kofia yake ya ukapita, akaiweka mezani polepole. Hakuna aliyemwambia aivue. Hakuna aliyemwambia aichukue tena. Tulitoka nje, kofia ikabaki mle ndani, na mwezi haukuisha ukapita akapewa mtu mwingine. Nilipokwenda kumpa mzee pole, alinicheka: "Mama Godelieve, ile kofia ilikuwa inanibana masikio."

Barua ilikwenda Léopoldville, mji mkuu. Tukangoja miezi minne, na sitaki kuwaambia nilivyokuwa. Nilimgombeza kila mtu, hata mbuzi. Eugène alifunga sanduku lake la vifaa, akalifungua, akalifunga tena. Mvua za kwanza zikanyesha na yeye bado yuko, anasema anangoja barabara ikauke. Barabara gani? Wa Albertville wote walikwenda kwa maji, kwa meli.

Mwezi wa kumi Raphaël akaitwa Fizi. Nilikuwa uani kwa Marthe, tunatwanga sombe, majani ya muhogo, siku aliporudi. Nikamuona anakuja na karatasi mkononi, nikatupa mchi, nikapiga kigelegele. Akaninyooshea kiganja: ninyamaze. Nikanyamaza, nami si mtu wa kunyamazishwa.

Alivua kofia. Alivua na vile viatu vyake, akaviacha kwenye njia, akaingia uani pekupeku, akasimama mbele ya Marthe kama wanavyosimama watu wa ukoo wao wanapotumwa na neno zito.

"Shemeji Marthe," akasema. "Ni mi, Raphaël, mutoto wa nyuma wa mama yetu. Nimekuja kukuambia, ndugu yangu Isidore amekufa."

Marthe ndiye aliyeuosha ule mwili kwa mikono yake. Ndiye aliyetafuta watu wa kuchimba kaburi Lulimba, akarudi Baraka kwa miguu na mtoto mgongoni. Lakini mwaka ule hawakuthubutu kulia, maana jina la kulilia lilikuwa la mtu aliye vitani, na polisi wangeuliza. Matanga hayakukaliwa. Hakuna aliyekuja kumpa habari, na bila ndugu wa mume kukupa habari, kwao, wewe si mjane, wewe ni mtu anayengoja tu.

Marthe akamtazama Raphaël. Kisha akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani mwangu, akaanguka kifuani mwa shemeji yake akiita, "Isidore! Isidore ee!" kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani, na hakuna aliyemkataza. Raphaël naye akalia, mtu mzima, askari, machozi na makamasi. Nikafungua kitambaa changu kichwani, nikakaa chini, nikanyoosha miguu kama wakaao matanga. Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja.

Eugène alikuja mbio kutoka misioni, ameambiwa karatasi imefika, nguo zimejaa unga wa mbao. Akafika mlangoni, akatuona tulivyokaa. Hakuuliza kitu. Akaingia taratibu, akatafuta nafasi upande wa wanaume, akakaa chini kumlilia Isidore pamoja nasi.