Kishimo cha Ugoro

Nilianguka anatomia mwaka wa kwanza. Nasema wazi, maana kwetu Mwala wapo wanaodhani daktari huzaliwa na alama nzuri. Nilipewa nafasi moja ya kurudia mtihani wa mkono, kuanzia bega hadi kucha, mbele ya profesa na maiti. Nikishindwa, chuo basi, nije nyumbani kupura ndengu.

Si kwamba sikusoma. Nilikipaka kitabu rangi ya manjano kwa kalamu ya kuwekea alama, ukurasa mzima, nikajiona msomi kweli. Nikikifunga, kichwa kitupu. Kwa hiyo likizo iliyofuata, nyumbani, nilibadilisha mtindo. Nilichora mkono, nikafunga kitabu, nikachora tena bila kuchungulia, kisha nikafungua kuona nilichosahau. Kesho yake narudia. Ilisaidia, lakini mchoro umelala tu kwenye karatasi, na mimi nilitaka kuona kano ikivuta kidole. Mkono wangu haukufaa. Mimi ni mnene, Mungu alinijalia, na kila kitu kimejificha chini ya nyama.

Mkono uliofaa ulikuwa wa susu, yaani nyanya yangu. Ngozi yake ilikuwa imekonda kwa uzee hadi kila mshipa unaonekana. Shida ni kwamba susu alikuwa hataki kunigusa. Tangu utotoni, kila nilipofika, alichukua kiganja changu akakitemea mate kidogo kunibariki, kama wazee wetu Wakamba wanavyofanya. Safari hii alificha mikono ndani ya leso.

"Mikono hiyo imeshika mtu aliyekufa," akasema. "Ikae huko huko."

"Susu, nimeoga! Na huwa tunavaa glavu!"

"Aiya! Hata ukioga mto Athi mzima."

Hasira zangu ziko karibu. Niliubamiza mlango wa jikoni hadi kuku wakatawanyika. Lakini usiku niliumia, maana sikuwahi kuondoka nyumbani bila baraka yake, na mtihani ulikuwa unakuja.

Alasiri moja nilikaa naye uani, mbali kidogo kama alivyotaka, nikijielezea misuli kwa sauti, kwa Kikamba. Nilikuwa nimegundua kwamba jambo nisiloweza kumweleza susu, bado sijalielewa. Yeye akatoa kopo lake la ugoro. Akainua kidole gumba juu, kikatokea kishimo chini yake, pale karibu na kifundo cha mkono, akamwaga ugoro humo. Niliruka.

"Susu, usivute! Ngoja!"

"Kuna nini, nyoka?"

Nikamwambia kwamba kwenye kitabu changu mahali hapo panaitwa hivyo hivyo, kisanduku cha ugoro, kwa sababu Wazungu wa zamani nao waliweka ugoro wao hapo hapo. Upande mmoja kuna kano moja, upande wa pili mbili zimeandamana, zote zinakwenda kwenye gumba. Nilikuwa nimezikariri hadi zikanichosha. Sasa zilikuwa zimesimama mbele yangu, zimekaza chini ya ngozi, zikizuia ugoro usimwagike.

Susu akacheka hadi akashika mbavu. "Ati kitabu cha daktari kinajua ugoro wangu!"

Akavuta, akapiga chafya, akajifuta. Kisha akanyoosha mkono kwangu, yeye mwenyewe. "Haya, nionyeshe."

Niliweka kidole kishimoni. Chini yake kuna mfupa mdogo, ule unaovunjika mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, na juu ya mfupa hupita mshipa wa damu. Ukanidunda kidoleni. Nilikuwa nimepasua mkono mzima chuoni, nikafunua kila uzi, na sikuwahi kufikiri kwamba mahali hapo panapiga. Miaka yote hiyo moyo wa susu ulikuwa ukibisha hodi chini ya ugoro, na hatukujua.

Nikakishika kidole chake, nikakiweka kwenye kishimo cha mkono wake mwingine. Akauinamia mkono.

"Ni mimi huyu?"

"Ni wewe, susu."

"Na huyo mnayempasua, naye ako na haka kashimo?"

"Ako nako. Lakini hakapigi."

"Na anakubali tu mmshike?"

"Anakubali."

Akachukua kiganja changu, akakitemea mate. "Basi ukirudi, umsalimie kwanza."

Kuanzia hapo alinipa mkono kila siku. Yeye anasukuma gumba, mimi nazuia, msuli unajitokeza, nautaja.

Siku ya mtihani, kabla sijagusa chochote, nilimnong'oneza yule mtu salamu za susu. Profesa aliniuliza mengi, na mwisho akaelekeza kibano chake chini ya gumba. Nikataja kano zote, mfupa, na mshipa.

"Mshipa uko wapi? Hapa wenzako walishaukata."

Nikamwonyesha njia yake juu ya mfupa.

"Una uhakika gani?"

"Niliusikia ukipiga, mwalimu. Kwa nyanya yangu."

Akaandika, akaniambia nimepita. Nikaurudisha mkono wa yule mtu chini ya shuka polepole, kiganja kikitazama juu, vile ninavyompa susu changu.