Alama kwenye Mzinga

Nilipoajiriwa kuwa askari wa wanyama, miaka ya sabini, mama alichinja kuku na kanisa letu pale karibu na Mutomo likaniombea mimi na buti zangu. Baba alicheka tu. Yeye alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ilining'inia kwenye migunga ya pori la kusini, mingine ameirithi kwa babu, na kwetu hakuna posa iliyokamilika bila asali.

Mwaka uliofuata pori lile likachorewa mpaka, likawa hifadhi. Asiingie mtu na panga, moto wala mzinga. Tuliambiwa moshi wa warina asali unachoma makao ya wanyama. Mimi sikubisha. Kichwa kilikuwa kimenivimba kwa ile sare.

Siku moja tukiwa doria, mkubwa wetu, mtu wa mbali, aliona mizinga mitatu juu ya mti mmoja. Akaniuliza ile michoro iliyochomwa kwenye magogo ni ya nini. Swali zuri kwa mjinga kama mimi! Nikamweleza kwa mbwembwe kwamba kila ukoo una alama yake, na kila mwenye mzinga huongeza mkato wake pembeni, kwa hiyo asali ya mtu haiguswi hata mzinga ukae porini miaka kumi. Nikamsomea mmoja mmoja.

"Na hii ya tatu?"

"Hiyo ni ya baba," nikasema, nikicheka.

Alikuwa anaandika. Mimi nilidhani anapenda mila zetu.

Wiki hiyo hiyo baba na wazee wawili walikamatwa. Mahakamani hakuna shahidi aliyesema aliwaona wakiingia hifadhini, na kama baba angekana, angerudi nyumbani. Lakini kwetu mtu hakani alama yake. Kuikana ni kuukana ukoo.

"Alama ni yangu," alisema. "Hata mtoto wangu anajua."

Akafungwa miezi sita. Mizinga ikateremshwa, ikachomwa moto mle mle hifadhini, katika pori ambalo moto ulikuwa marufuku. Aliyebeba mafuta ya taa ni mimi. Nilikuwa naogopa kufutwa kazi, na sitatafuta sababu nyingine ya kunipendezesha.

Miaka ya themanini walikuja watu wenye bunduki, wakawamaliza ndovu mmoja baada ya mwingine. Tulikuta mizoga imekatwa uso. Hao hawakuwa na mkato wa kusoma, wala hakuna aliyeniuliza ni akina nani. Tulikuwa tumewafukuza wazee, na wazee ndio waliojua kila unyayo mgeni katika pori lile. Hilo linaniuma mpaka leo, na sheria yenyewe bado naona ilikuwa na maana. Sisi tulioishika ndio tuliokuwa hovyo.

Baba alichonga mzinga mmoja tu baada ya kifungo. Nilimkuta uani akiulainisha kwa tezo, tayari kuutundika shambani kwake. Niliuzungusha nikitafuta alama, sikuiona.

"Baba, umesahau kuweka alama. Watu wataiba asali."

Hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Wezi siwaogopi," alisema. "Nakuogopa wewe, unajua kusoma."