Mnusa Tope
Karani wa tiketi wa stesheni ya Bardhaman alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na nyumba hii ya saba aliyokuja kuitazama na mkewe ili wainunue hakuingia ndani, kama ambavyo hakuingia zile sita. Alipitiliza moja kwa moja hadi bwawani, akachutama, akachota tope kwa vidole viwili vyenye madoa ya wino, akalinusa huku kafumba macho, kama mtu anayenusa mchuzi wa harusi. Mkewe Labanya, na magoti yake mabovu, ndiye aliyekagua vyumba. Ngazi kumi na tisa, choo kule uani, na daktari ng'ambo ya mto.

"Baba Bubai!" aliita, maana jina la mumewe hajalitamka tangu aolewe. "Nikianguka hapa atanitibu nani, kambare?"

"Shh! Utawatisha. Humu mna samaki rui wa kilo tano, wallahi nawanusa."

"Basi nunua, uishi nao. Mie nahamia kwa dada yangu mjini, na sitanii."

Karani akahesabu kitu kwa vidole vyake vya tope.

"Kutoka hapa mpaka kwa dada yako," akauliza, "samaki atafika hajaharibika?"