Kitambaa Chekundu cha Opoka

Opoka hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza habari za kazi, anakuonyesha mikono. Ilikuwa myeusi mpaka ndani ya mistari, sabuni ikiwepo au isipokuwepo, na miaka ile mara nyingi haikuwepo. Alikuwa fundi wa injini za dizeli kwenye karakana ya reli hapa Kampala, Mwacholi wa upande wa Kitgum, mume wangu wa kanisa. Saverio ni jina alilopewa na padri. Mimi nilimwita Opoka.

Kuna injini moja aliipenda. Nasema aliipenda, na mtu asinicheke, mimi ndiye niliyelala naye. Ilikuwa dizeli ya kusukuma mabehewa pale stesheni, pua fupi, rangi ya damu ya mzee, na mstari wa rangi ya maziwa ubavuni. Alikuwa ameifungua na kuifunga hata akaijua kwa mlio tukiwa kwetu kwenye kota. "Sikia," ananiambia, "leo inakohoa." Basi ikapelekwa nchi jirani kwa matengenezo makubwa. Ikiwa huko, ile reli ya nchi tatu ikavunjika, kila nchi ikashika kilichokuwa mkononi mwake. Injini ya Opoka haikurudi.

Halafu akaanza kuijenga tena, ndogo, juu ya meza ninayokatia mboga.

Hakununua kitu. Mwili wake aliukata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Vyuma vya magurudumu ni spoki za baiskeli, na magurudumu yenyewe aliyachonga kwa tupa kutoka bomba la shaba, taratibu, kama mtu anayemenya yai. Kipimo chake kilikuwa kiberiti kitupu. Reli yetu ni nyembamba, mita moja tu kati ya chuma na chuma, na Opoka aliamua kwamba mita moja ni urefu wa kiberiti. Kila kitu kilipita hapo: mlango, ngazi, bomba la moshi. Siku moja nilipata viberiti vya aina nyingine huko sokoni Kikuubo, nikafurahi kwelikweli, maana vilikuwa vimeadimika. Akachukua kimoja, akakipima, akanirudishia.

"Hiki kifupi. Hiki kitaangusha treni."

"Mimi nataka kuwasha moto, baba, sitaki treni."

"Washa. Lakini kile cha zamani usikitupe."

Vioo alipewa na jirani yetu Mbambu, aliyekuwa anafagia wodi kule hospitali ya Mulago. Alimletea zile karatasi ngumu za picha za mifupa zilizotupwa, Opoka akazilowesha kwa maji moto na magadi mpaka zikang'aa. Dirisha moja halikutakata vizuri. Ukilielekeza kwenye mwanga, unaona mbavu za mtu.

Lehemu ililetwa na Barnabé, Mkongo, mchomeleaji wa karakana hiyohiyo. Akija, haji kimya.

"Opoka, hii mashini yako inakula nini?"

"Inakula maneno yako. Haitakosa mafuta."

Sasa niwaambie jambo la kitambaa, maana bila hilo hamtanielewa. Kwenye karakana, fundi akiingia chini ya injini, anafunga kitambaa chekundu mbele yake. Kikiwepo, injini hiyo haisogezwi hata kidogo, na hakuna anayeruhusiwa kukifungua ila aliyekifunga. Hata bwana mkubwa hawezi. Kuna mtu chini, na akisogeza amemuua. Opoka alileta sheria hiyo nyumbani. Akiacha kazi yake mezani kwenda kula, anafunga kipande cha kanga yangu nyekundu ya zamani kwenye pua ya ile injini ndogo. Nilikata mboga sakafuni, nikanung'unika, lakini sikugusa.

Mwaka ule, kwa askari wa serikali, jina la Kiacholi lilikuwa kosa la kutosha. Walikuja Jumapili, tumetoka misa, mchana kweupe, watu wawili wamevaa vizuri, wanaongea kwa adabu.

"Mzee, twende kidogo. Utarudi sasa hivi."

Opoka alikuwa na koleo mkononi. Akauliza kama anaweza kunawa. Wakasema huko kuna maji. Basi akaweka koleo chini, akachukua kitambaa, akakifunga kwenye pua ya injini, akakaza fundo. Wale watu wakamtazama tu. Akaniambia, "Mtu asiguse mpaka nirudi." Akatoka nao. Mlango mmoja wa injini ulikuwa bado haujatiwa.

Nilimtafuta. Nilienda polisi Wandegeya, nilikaa kwenye benchi mpaka nikafukuzwa. Mbambu alinishika mkono tukaingia chumba cha maiti Mulago, nikatazama kila uso. Nimeona waume za watu. Wangu sikumwona.

Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena, na mtu akapita kijijini kwao Opoka akasema alikuwa pamoja na Opoka ndani, na kwamba siku moja Opoka aliitwa nje pamoja na wengine, hawakurudishwa. Okeny, mdogo wake, akaja kwangu na basi.

"Shemeji, wazee wamekaa. Mwili hatutaupata. Tutachimba kaburi, tutaweka kitu chake, watu walie, wamalize. Mama yetu halali."

"Chukua koti lake."

"Koti ni la serikali. Tutazika serikali?"

"Chukua sahani."

"Sahani umenunua wewe." Akaangalia mezani. "Wanataka kitu kilichotoka mikononi mwake."

"Mnataka kuzika debe la mafuta."

"Ndiyo, hilo debe."

Akanyoosha mkono kwenye fundo. Nikamchapa mkono huo kwa mwiko. Okeny ni mwanamume mwenye wake wawili, akaruka kama mtoto.

"Kichwa chako ni kigumu kama behewa!"

"Na wewe hukuliona behewa hili lina kitambaa?"

Barnabé alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Okeny akamgeukia. "Ndugu, wewe mwanamume mwenzangu, mwambie hiki ni kitambaa tu."

Barnabé akatikisa kichwa. "Hapana, mzee. Hata miye siwezi kukigusa."

"Na mwenyewe akifa je? Injini itasimama mpaka ioze?"

Barnabé akanitazama, akatazama viatu vyake. Nilijua kuna neno, na nilijua silitaki.

"Kuna namna," akasema. "Wanasimama mbele ya injini, wanaita jina lake, kwa sauti, karakana yote isikie. Wanauliza kama yuko chini. Asipoitika, ndipo wanakifungua."

"Basi ita," Okeny akaniambia.

Nikasema siiti. Nikasema mume wangu kasema mpaka arudi, na Opoka hajawahi kunidanganya. Okeny akapanda basi mikono mitupu, na watu wa kota wakasema mimi, Joska, nimerukwa na akili. Niliwasikia. Niliendelea kufuta vumbi pembeni ya injini bila kuigusa, kama mtu anayefagia kumzunguka mgonjwa.

Kiangazi kilichofuata Okeny akarudi. Safari hii hakubishana. Alikaa kwenye kiti cha Opoka akasema mama yao hawezi tena kusimama, na kila asubuhi anauliza kama kaburi limechimbwa. Anauliza mtoto wake atamkuta wapi. Mama huyo alinipokea nikiwa msichana, akanifundisha kusonga ugali kwa nguvu. Okeny ningemkatalia mpaka leo. Yule mama sikuweza.

Nikamwita Barnabé aje kushuhudia kwa upande wa kazi. Akasimama karibu na meza, kofia mkononi.

"Joska, ita polepole. Hizi si siku za kutaja jina la mtu kama huyo."

"Karakana mnaita polepole?"

Nikafungua dirisha.

"Opoka!" nikaita. "Saverio Opoka! Uko chini?"

Nyumba ya mbele wakafunga dirisha. Wa pembeni wakamvuta mtoto ndani. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi, kwa sauti niliyokuwa nikimwitia chakula. Kota yote ikawa kimya hata nikasikia mabehewa yakigongana stesheni. Okeny alikuwa ameinama. Nilingoja. Nilingoja sana kuliko wanavyongoja karakana, na hakuna aliyethubutu kuniambia basi.

Hakuitika.

Fundo lilikuwa gumu, alilikaza yeye. Nililifungua kwa meno. Kisha nikaweka kidole nyuma ya ile injini nikaisukuma, na magurudumu yakazunguka. Ilitembea mezani bila kuyumba, hata sauti haikutoa, mpaka Barnabé akaidaka ukingoni. Opoka hakuwahi kuiona ikitembea. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya shemeji yangu na Mkongo, na sikujifunika uso.

Tuliizika kwao, karibu na baba yake, mlango ule mmoja ukiwa bado haupo. Ndani nilitia na kiberiti chake. Mama aliletwa amebebwa, akaweka udongo kwa mkono wake, na jioni ile akala. Okeny alitaka kitambaa nacho kiingie. Nikamwambia hapana, injini haiondoki na kitambaa.

Ninacho. Kwenye karakana, kikifunguliwa, anarudishiwa aliyekifunga.