Noti Niliyompelekea Bwana wa Fimbo

Nimekula chumvi nyingi, lakini aibu ya Maskati bado inaniwasha.

Mjukuu wangu Nasor alialikwa kupiga fidla pamoja na orkesta kubwa ya Kimarekani iliyokuja kutembea. Akiwapendeza, watamchukua akasome kwao. Njia nzima kutoka Ibra, mji tunaokaa sasa, alinihadithia habari zake: orkesta ya tangu enzi, imeongozwa na mabwana kadha wa kadha, mmoja akizeeka hushika mwengine.

“Na huyu wa sasa?”

“Huyu ndiye fundi wao, Bibi. Tafadhali ukae kimya.”

Mimi nimekulia Unguja, kwenye taarab. Kwetu anayesimama mbele bila ya chombo ni mwimbaji, na mwimbaji hutunzwa kwa noti apate moyo. Basi ukumbini bwana akaingia, akapigiwa makofi, kisha akatugeuzia mgongo, kijifimbo chake mkononi. Nikangoja aimbe. Fidla zikalia, tarumbeta zikalia, yeye anarusha mikono tu. Nikasema moyoni, wallahi fundi mzima kashikwa na haya, atamharibia mjukuu wangu.

Mara akainua mkono, wote wakanyamaza. Nikajua sasa anatafuta sauti. Nikainuka na noti yangu, nikapanda jukwaani kwa madaha, nikaitia mfukoni mwake.

“Imba, baba. Usione haya, sote watu wazima.”

Kutoka kwenye safu ya fidla nikasikia sauti ya Nasor, nyembamba kama uzi:

“Bibi, huyo haimbi. Na sisi hatujamaliza.”