Wahenga wa Kichina na Radhi za Bi Raiya

Mahira binti Swafwan hushona kofia za mkono pale Mambrui, nyuma ya msikiti. Usidhani ni kazi ya kupitisha wakati. Kofia moja humla mtu macho mwezi mzima, na mvaaji akishaivaa hamjui hata jina aliyeishona. Aliolewa Malindi, akaachwa, akarudi kwa mamake, Bi Raiya. Wakawa wawili nyumbani, kwani baba alikwishatangulia mbele ya haki, na mdogo wake Mahira, Badi, alikuwa Uchina.

Badi alipopata ufadhili, mji mzima ulisema atarudi daktari, au injinia wa barabara. Kumbe mwenzetu kaenda kusoma vitabu vya wahenga wa Kichina wa kale, waliokufa karne na karne kabla ya Masihi, vinavyofundisha mtoto akae vipi na mzazi, mtawala na raia, mtu na rafiki yake.

"Adabu ndiyo ya kufuata mpaka Uchina?" aliuliza Ami Alamin, ndugu wa marehemu baba yao. "Kwani madrasa za hapa zimefungwa?"

Watu wakacheka. Bi Raiya hakucheka. Mwanawe alikuwa akivitia vitabu vile katika Kiswahili, na kila Ijumaa baada ya sala alijirekodi akisoma kipande, akamtumia Mahira kwenye simu. Mahira humwekea mama simu kwenye mto wa kulalia, na Bi Raiya hubishana na wahenga wale kama waliokaa barazani kwake. Siku Badi aliposoma kwamba mtoto haifai aende mbali wazazi wake wangali hai, bibi wa watu alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa huyu msomaji yuko wapi? Mwambie arudie hapo taratibu, pengine mwenyewe hakusikia!"

Kikohozi kile hakikuondoka. Daktari wa Malindi akasema maradhi yamekwisha kuenea, limebaki la kumtuliza tu. Walipofika nyumbani Bi Raiya alimshika bintiye mkono.

"Badi karibu atasimama mbele ya walimu wake, mtihani wa mwisho. Asiambiwe. Ukimwambia, Mahira, radhi zangu huna."

Haya! Asiye wa huku hajui uzito wa neno hilo. Mtu ataishi bila nyumba, ataishi bila mume, lakini bila radhi za mama ataishije? Tunasema radhi ni bora kuliko mali, na hatusemi kwa kupamba midomo. Mahira akaitikia. Badi akiuliza mbona Mama kimya, huambiwa amelala, au amechoka na jua.

Ijumaa moja ikaja sauti yake ikisoma kwamba mtoto akimwona mzazi anakosea, amwambie kwa upole. Mzazi akikataa, mtoto asivunje heshima, lakini arudi tena amwambie, asichoke. Mahira akamtazama mamake. Mamake akatazama dari.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Zima."

Akazima, wala hakurudi tena kumwambia. Alikuwa akiogopa, basi. Nani asingeogopa?

Hata siku ya mwisho ikafika. Asubuhi Bi Raiya alifumbua macho akasema waziwazi, "Mwite Badi."

"Mama?"

"Mwite. Sitaki ile ya kusoma. Nataka nimwambie neno, naye anijibu."

Mahira akainyakua simu. Moyo ulimruka kwa furaha, wallahi, kwani mwenye amri ndiye aliyeitengua. Lakini Ami Alamin alikuwa ameketi mlangoni na tasbihi yake.

"Weka chini hiyo. Hayo ni maneno ya homa. Usia ni ule aliotoa na akili zake timamu. Kijana ukimpigia leo, kesho ametupa masomo, na mamako atatudai mbele ya Mungu."

Ami ndiye mkubwa wa nyumba. Mahira akasimama palepale, hakupiga, hakuweka chini. Bi Raiya aliita jina la mwanawe mpaka adhuhuri, sauti ikizidi kufifia, kisha ikanyamaza. Kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa, maana kwetu maiti haingojeshwi.

Ami akakata shauri tena: msafiri hapewi msiba akiwa ugenini. Mambrui nzima ikafunga mdomo. Lo, mji usioweza kuficha hata mimba!

Na Ijumaa hazikukoma kuja. Ikaja moja Badi akieleza kwamba wahenga wale walimtaka mtu amlilie mzazi wake miaka mitatu, kwa kuwa mtoto huchukua miaka mitatu kutoka mikononi mwa mzazi. "Na sisi matanga siku tatu tu, tunakunja majamvi!" alisema akicheka. "Mama, unaonaje? Safari hii nijibu mwenyewe, nina hamu na sauti yako."

Kitanda cha Bi Raiya kilikuwa kimekwisha kufunguliwa, kimeegemezwa ukutani. Mahira akamwandikia: "Amefurahi sana." Kisha akalia mpaka sindano ikampotea.

Badi akafaulu, akarudi. Ami alimpokea Malindi akamweleza njiani, kwa hiyo aliingia nyumbani akijua. Alilia mpaka akawa hana sauti. Ami akamtuliza: mamako mwenyewe ndiye aliyeusia usiambiwe. Badi akapangusa uso, akaishika mikono ya Mahira.

"Kama ni neno lake, mimi nimeridhika. Dada, mimi nimesoma tu vitabu vile, wewe ndiye uliyevitenda. Ulimtii mama mpaka mwisho. Kitabu changu kikichapishwa, jina lako litakaa mbele."

Mahira angenyamaza, mambo yangekwisha hapo. Ami asingesema kamwe. Lakini sifa ile ilimchoma Mahira kuliko tusi.

"Badi, alikuita."

"Mahira!" Ami alimkemea.

"Asubuhi ile alikuita kwa jina lako. Alitaka kukwambia neno. Aliita mpaka adhuhuri."

Badi akafikiri kidogo. "Huku asubuhi, kule ni alasiri," akasema polepole. "Nilikuwa chumbani. Sikuwa na kazi yoyote." Akamtazama dadake. "Na simu ilikuwa wapi?"

"Mkononi mwangu."

Badi akaiachia mikono yake.

Siku hizi anafundisha Kilifi. Huja kuzuru kaburi la mamake, na kila ajapo hupitia nyumbani, akamwamkia dadake shikamoo, akamuuliza hali ya macho na kazi, akamwachia sukari na majani ya chai. Adabu hajamvunjia hata mara moja. Ila Mahira akimkaribisha kiti, haketi.